Futa na Vuta

Nilikwenda Kathiani kumzika Mwalimu Nzioka nikiwa na majonzi ya kawaida, nikarudi na wivu wa miaka thelathini na kitu. Sioni haya kusema. Mtu wa umri wangu, mwenye wajukuu wawili na goti linalouma kila baridi ikiingia, alipaswa kuwa ameshamalizana na mambo hayo. Lakini palepale chini ya hema, kati ya wimbo na wimbo, mshereheshaji akamwita Profesa Wayua atoe neno kwa niaba ya wanafunzi wa zamani, na wivu ukanirudia, uleule wa zamani, haujachakaa hata kidogo. Alivaa koti jeusi na viatu vya chini. Alishika kipaza sauti kana kwamba alizaliwa nacho. Akasema, “Wengi wenu mnajua mimi ni mtoto wa Wamunyu, kwetu ni kuchonga. Kiswahili tulikuwa tunasikia kwa redio. Siku moja kwa darasa la Mwalimu nilitaka kuandika ‘hufuta’, na mkono yangu ya Kikamba, lugha haina ‘f’, ikaandika ‘huvuta’. Hiyo makosa ndiyo ilinifikisha mahali niko. Mwalimu hakunicheka. Kwa hivyo leo nikisikia mtoto akisema ‘vaida’ badala ya ‘faida’, mimi simrekebishi haraka. Nangoja kwanza nisikie amesema nini.” Watu wakacheka kwa upole, wakapiga makofi. Mama mmoja mzee kando yangu alitikisa kichwa, akasema, “Ni w’o,” yaani ni kweli. Mimi mikono yangu niliikalia. Haikuwa kweli. Wayua hakukosea herufi ile. Niliiandika mimi, kwa penseli yangu mwenyewe, na nilikuwa nataka kumharibia.

Mwaka ule nilikuwa darasa la nane na nilikuwa namba moja. Nilikuwa namba moja tangu darasa la tatu, na nilikuwa nimeizoea namba hiyo kiasi cha kudhani ni sehemu ya jina langu. Muhula wa pili ulipokuwa ukiisha, Mwalimu Nzioka, ambaye alikuwa amestaafu kufundisha sayansi na alikuwa na nywele nyeupe zilizosimama, alizunguka shule za wilaya akitafuta watoto kumi na wanane wa darasa lake la likizo ya Agosti. Halikuwa darasa la kujiandaa kwa mtihani. Mama alipouliza litasaidia nini basi, na mtihani uko Novemba, Mwalimu alimwambia kwamba ni la watoto wenye udadisi. Mama hakuridhika, lakini jina langu lilikuwa kwenye orodha, na orodha ilikuwa imebandikwa nje ya ofisi ya mwalimu mkuu ambapo majirani wote waliiona. Nilichaguliwa kwa sababu ya alama zangu. Mwalimu mkuu alizisoma, Mwalimu Nzioka akaandika. Wayua alichaguliwa vingine kabisa, na habari hiyo ilinifikia kabla sijamwona. Mwalimu alikuwa amekwenda Wamunyu kununua kiti. Katika karakana ya baba yake akamkuta msichana akipiga msasa twiga wa mti, na msichana huyo akamuuliza kwa nini mti ukikauka hupasuka upande huu na si upande ule. Mwalimu alirudi Machakos bila kiti. Kisa hicho alikisimulia siku ya kwanza mbele yetu sote, akicheka, na mimi nikamchukia Wayua kabla hata hajakaa.

Tulisomea katika chumba cha ushonaji cha chuo cha ufundi ambacho kilikuwa kimefungwa kwa likizo. Cherehani zilikuwa zimesukumwa ukutani na kufunikwa kwa mashuka. Palinuka mafuta ya mashine na vumbi la vitambaa, na kwa kuwa ni Agosti, ukungu uliteremka kutoka vilima vya Iveti ukakaa madirishani hadi saa nne za asubuhi. Tulivaa sweta mbili mbili. Juu ya meza ya Mwalimu palikuwa na mkebe mtupu wa mafuta ya kupikia, na mkebe huo ndio uliokuwa darasa lenyewe. Kila asubuhi kila mmoja alitia humo karatasi yenye swali moja, jina nyuma. Mwalimu aliyasoma yote kwa sauti, akachagua moja, na siku nzima tukashughulika na hilo moja tu, kwa maji, kwa moto, kwa kamba, kwa chochote kilichopatikana. Maswali yaandikwe kwa Kiswahili. “Kiingereza mnajua ya kukariri,” alisema. “Na Kikamba si wote wako nayo. Mkiuliza kwa Kiswahili nitajua kama mnauliza ama mnasoma kitabu.” Mtu akauliza tutapewa alama ngapi. Akasema hakuna alama. Nakumbuka nilivyotazama huku na huku nione kama kuna mwingine aliyesikia jambo hilo baya. Lakini niliposikia habari ya Kiswahili nilipata nafuu kidogo, kwa sababu nilikulia mjini, ukuta kwa ukuta na nyumba ya Mama Zuhura, na kwa Mama Zuhura mtoto aliyesema ‘vua nguo’ akimaanisha azifue alichekwa mpaka akatubu.

Sikuchaguliwa hata siku moja. Nitasema ukweli ulivyokuwa: niliandika maswali ambayo majibu yake nilikuwa nayo tayari. Nilitaka Mwalimu aone kwamba najua. Alifungua karatasi yangu, akasoma, akatabasamu kwa adabu na kusema, “Hii jibu yake unajua, Ndinda,” kisha akailaza kifudifudi kando ya nyingine. Halafu akafungua ya Wayua. Wayua aliuliza: mbona kuku akinywa maji lazima aangalie juu? Wayua aliuliza: kivuli cha ndege aliye juu sana kinaenda wapi? Siku nyingine aliuliza kwamba mkono mmoja ukikaa kwa maji baridi na mwingine kwa maji moto, halafu yote miwili uitie kwa vuguvugu, mbona inabishana? Tulicheka kwa neno hilo, inabishana, naye Mwalimu akacheka, lakini dakika tano baadaye watoto kumi na wanane walikuwa wamepanga foleni na mikono yao ndani ya mabeseni, na mikono yangu mwenyewe ilikuwa ikibishana. Nilijua swali ni zuri. Wivu wa mtu asiyeona uzuri wa mwenzake ni wivu mwepesi, unapita. Wangu uliona kila kitu.

Na jioni sikupata pa kumkimbia, kwa kuwa alilala kwetu. Wamunyu ni mbali, kwa hivyo Mwalimu alimwomba Mama amkaribishe kwa wiki hizo tatu, na Mama akakubali kabla ya kuniuliza. Tulilala kitanda kimoja, yeye upande wa ukuta. Alikuja na gunia la mbaazi na kijiko cha mti alichochonga baba yake, akampa Mama kwa mikono miwili, akamwita Mwaitu, yaani mama, kama mtoto wa kumzaa. Jikoni kwetu kulikuwa na jiko la makaa, meza ndogo yenye mguu mmoja uliowekewa kipande cha gome, na stuli mbili. Mama hakuwa mtu wa kukaa. Alipika akiwa amesimama, na mara nyingi alikula akiwa amesimama pia. Sasa siku ya tatu au ya nne, Mama akiwa anageuza muthokoi, mahindi yaliyokobolewa na maharagwe, Wayua akamuuliza mbona chumvi ikiwekwa mapema maharagwe yanakataa kuiva. Mama akaacha kugeuza, mwiko mkononi. Akasema hata yeye amejiuliza jambo hilo tangu alipoolewa. Akavuta stuli, akakaa, wakazungumza juu ya chumvi mpaka maji yakakaukia sufuriani. Mimi nilikuwa nimemuuliza Mama mambo mengi maishani mwangu, na jibu lilikuwa niende nikasome. Kuanzia siku hiyo ukoko wa wali, ambao ulikuwa haki yangu tangu nijue kula, ulianza kugawanywa mara mbili, na mimi nilihesabu punje.

Jumamosi moja nilikuwa nyuma ya shuka lililoanikwa, nikifua soksi, nikamsikia Mama akiongea na Mama Zuhura kwenye ukuta. Mama Zuhura aliuliza yule mgeni anaendeleaje. “Huyu wangu anajua vitabu,” Mama akasema. “Lakini huyo mwingine ako na kitu.” Mama Zuhura akauliza kitu gani. “Sijui, dada. Ako na kitu tu.” Shuka lilikuwa baridi usoni kwangu na sikusogea. Hadi leo nikiwa nafanya kazi yangu, ambayo ni kuhariri vitabu vya shule na kurudisha herufi za watu mahali pake, neno hilo hunijia. Kitu. Nimelitafuta kwenye maisha yangu kama mtu aliyedondosha funguo, na kuna siku nimeona nusura nilipate. Mama alikufa bila kujua kwamba nilisikia.

Wiki ya tatu ndipo nilipojua tulikuwa tunashindania nini. Nilikuwa nimetumwa kuleta vikombe vya chai, na kwenye korido Mwalimu alikuwa akizungumza na mama mmoja mwenye miwani, msimamizi wa shule ya bweni ya wasichana huko Mkoa wa Kati. Shule hiyo ilikuwa na maabara yenye mabomba ya gesi, na ilikuwa tayari kumchukua msichana mmoja kutoka darasani kwetu, imsomeshe hadi kidato cha nne. Nilisimama na sinia langu nyuma ya mlango. “Ni wawili tu wa kufikiria,” Mwalimu alisema. “Ndinda ako na alama. Wayua ako na maswali. Mimi ningempa Wayua.” Yule mama akauliza, basi shida iko wapi? Mwalimu akapunguza sauti. “Lugha. Anachanganya f na v, na akichekwa ananyamaza. Naogopa akifika huko kwenu wamcheke mpaka arudi nyumbani.” Yule mama akasema, “Alhamisi nitakuja kukaa nyuma nisikie mwenyewe.” Nikaingia na chai. Hakuna kikombe kilichomwagika, na nikamkaribisha Mwalimu kwa heshima zote. Kichwani mwangu nilikuwa nimeshachukua herufi mbili, f na v, na nilikuwa nazigeuzageuza.

Alhamisi ilikuwa zamu yangu kukusanya karatasi na kupeleka mkebe mezani. Kati ya mlango na meza kulikuwa na kijichumba cha pasi, na humo nikaingia, nikafungua karatasi ya Wayua. Nilijua swali lilikotoka. Jana yake chai ilimwagika mezani kwetu, akaipangusa kwa kitambaa kikavu ikakataa, akachukua kile chenye unyevu, ikatii, akabaki amekiangalia kitambaa mpaka Mama akamwambia ale. Alikuwa ameandika hivi: Kwa nini kitambaa chenye unyevu hufuta maji mezani kuliko kikavu? Nikatoa raba. Nikafuta f moja, nikaandika v, nikaifanya iwe na mkia mdogo kama alivyozoea yeye. Kitambaa huvuta maji, kama punda avutavyo mkokoteni, kama mzee avutavyo kiko. Niliona tayari darasa likianguka kicheko, Wayua akisimama kujieleza na ulimi wake ukimaliza kazi niliyoianza, na yule mama wa miwani akiandika jina langu. Nilipuliza vumbi la raba. Ningependa kuandika kwamba nilisita, lakini maandishi haya yatabaki baada yangu na sitaki kudanganya humu.

Mwalimu alizisoma zote, yangu ikalazwa kifudifudi kama kawaida, akafika kwa ya Wayua. “Kwa nini kitambaa chenye unyevu huvuta maji mezani kuliko kikavu.” Mtoto mmoja wa nyuma alicheka puani. Wayua aliinamisha kichwa, na masikio yake, nakumbuka sana masikio yake, yakabadilika rangi. Mwalimu hakuinua macho kutoka kwenye karatasi. “Huvuta,” akasema polepole. Akairudia. Kisha akaweka karatasi chini, akaenda kwenye kikapu cha mabaki ya vitambaa, akachana ukanda mweupe wa pamba. Akachukua glasi mbili, moja akaitia maji na wino wa bluu, nyingine akaiacha tupu kando yake. Akalowesha ukanda kidogo, ncha moja akaizamisha kwenye bluu, nyingine akaining’iniza kwenye ile tupu. “Sasa tungoje,” akasema, “tuone kama kinavuta.” Tulikunywa chai. Tulikula mihogo ya kuchemsha. Ile bluu ilikuwa inapanda. Ilipanda ukingo wa glasi, ikavuka juu, ikateremka upande wa pili, na tone la kwanza lilipoanguka kwenye glasi tupu yule mama wa miwani alikuwa ameacha kiti chake na kupiga magoti sakafuni kama sisi.

“Nani aliuliza?” akasema. Wayua akasimama. “Ni mimi, lakini nilitaka kuandika—” Mwalimu akamkatiza. “Usiniambie ulitaka kuandika nini. Niambie kwa nini kinavuta.” Nilimtazama, na nilikuwa bado na tumaini. Wayua aliangalia ule ukanda kwa muda mrefu sana, mdomo ukisogea kidogo bila sauti. “Maji inapanda,” akasema mwishowe, “na hakuna mtu anaisukuma huku chini. Kwa hivyo lazima kuna kitu inaiita huku juu.” Kisha akauliza, sasa kwa sauti ya mtu aliyesahau kwamba anasikilizwa, “Na mti je, Mwalimu? Mti mrefu? Unavuta hivi?” Yule mama alitoa kalamu. Nilijua kwamba imekwisha. Swali langu lilikuwa limechaguliwa hatimaye, swali pekee la siku zote hizo, na lilikuwa na jina la Wayua nyuma yake. Kusema ni langu kulimaanisha kusema nilichofanya katika kijichumba cha pasi. Nikainama, nikaanza kukusanya vikombe vya chai.

Novemba nilimshinda kwenye mtihani, kwa mbali, na haikubadilisha lolote. Januari alipita kwetu kumuaga Mama akiwa na sanduku la bati lililopakwa rangi mpya. Mama alilia. Mimi niliingia shule ya kutwa ya hapahapa mjini, shule nzuri tu, nikawa namba moja humo, na kila nilipopewa zawadi nilifikiria mabomba ya gesi. Nilifuatilia maisha yake kwa uangalifu ambao sikuwahi kuwapa marafiki zangu. Nilijua alipoingia chuo kikuu. Nilijua alipoanza kuchunguza jinsi udongo wa nchi kavu unavyoshika maji. Niliona picha yake gazetini akiwa amechuchumaa shambani Yatta na kiganja cha mchanga, nikalikunja gazeti, nikalifungua tena.

Sasa hapo Kathiani, jeneza likiwa limeshafunikwa na watu wamepanga foleni ya chakula, alinijia mwenyewe na sahani yake. Tukaamkuana. Akaniuliza hali ya goti langu, mtu alikuwa amemwambia. Akasema anafurahi nimesikia ile hadithi ya f na v, maana mimi nilikuwepo, na kwamba huwasimulia wanafunzi wake kila mwaka. Hapo ndipo niliposhindwa. “Wayua,” nikasema, “wewe hukukosea. Uliandika hufuta, vizuri kabisa. Mimi nilifungua karatasi yako nikafuta f nikaweka v.”

Aliacha kutafuna. Aliweka kijiko kando ya sahani. “Ulitaka nini?”

“Wakucheke.”

“Ili yule mama asinichukue.”

“Ndiyo.”

Watoto walipita kati yetu wakikimbizana na chupa za soda, naye akawapisha. Alikuwa anafikiri, na nilimtambua jinsi anavyofikiri, mdomo ukisogea kidogo. “Na leo unaniambia ya nini, Ndinda? Unataka nikusamehe?”

Ningeweza kusema ndiyo. Ingekuwa rahisi, na pale matangani ingependeza. “Hapana,” nikasema. “Nataka ujue lile swali lilikuwa langu.”

Hakukasirika. Afadhali angekasirika. Alinitazama tu, uso wake ukiwa wazi kabisa, kama alivyokuwa akitazama kitambaa kile cha meza yetu. “Hiyo yako ilikuwa herufi,” akasema. “Na siku hiyo si hata wewe uliweka karatasi? Uliuliza nini?”

Nikafungua mdomo nimjibu.

“Ama ya siku ingine,” akasema. “Yoyote tu. Niko na wakati.”

Akangoja, sahani mkononi. Maswali yake nayakumbuka yote hadi leo, neno kwa neno. Yangu sikukumbuka hata moja.